Wanane Walioitwa Wasaliti

 

Kuna swali ambalo vijana wengi huwa nalo kichwani baada ya kufanya kazi ya watu mwaka mmoja miwili. Nikiondoka kwa bosi anayeninyanyasa, kisha nikaanzisha biashara kama yake, je, nitakuwa nimemsaliti? Kuna wanaoogopa neno hilo, wakabaki pale pale wakinung'unika hadi uzeeni. Kuna na wale wanaotoka kimya kimya, faili za ofisi zimo mkobani. Leo tuangalie kisa cha vijana wanane wa Marekani waliolikabili swali hili mwaka 1957. Si kisa cha mbali sana, kwani ile simu uliyonayo mfukoni ina kazi ya mikono yao.

Bosi mwenye akili nyingi

Mwezi wa Disemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain wa maabara ya Bell walitengeneza transista ya kwanza. Mkuu wa kikundi chao alikuwa William Shockley, ambaye baadaye alibuni aina nyengine iliyo bora zaidi. Transista ni kidude kinachokuza umeme, au kuuwasha na kuuzima. Kabla yake redio zilitumia valvu za kioo, ambazo zilikuwa kubwa, zikipata moto na kuungua kila mara. Mwaka 1956 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mwaka huo huo Shockley alianzisha maabara yake mwenyewe huko Mountain View, California, kwa pesa za mfanyabiashara Arnold Beckman. Lengo lilikuwa kutengeneza transista za silikoni. Akaajiri vijana hodari, miongoni mwao Robert Noyce, Gordon Moore, Jean Hoerni, Jay Last, Sheldon Roberts, Victor Grinich, Julius Blank na Eugene Kleiner. Wote hawa wanane walikuwa chini ya miaka 35.

Kujua kuchagua watu ni jambo moja, na kuishi nao ni jambo jengine. Shockley alibandika orodha ya mishahara ya kila mtu hadharani. Kijana akimletea matokeo ya jaribio, yeye hupiga simu kwa wenzake wa zamani kule Bell kuuliza kama ni kweli. Siku moja mfanyakazi alichomwa na kitu kidoleni pale ofisini. Shockley akashikilia kuwa ni hujuma, akataka watu wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo! Ilipokuja kujulikana, ilikuwa ni pini iliyovunjika tu. Juu ya hayo yote, aliiweka kando ile kazi ya transista na kung'ang'ania kifaa chengine alichokipenda mwenyewe.

Walianzia mlango wa mbele

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo. Vijana hawa hawakuanza kwa kukimbia. Mwaka 1957 walimwendea Beckman, mwenye pesa, wakamweleza shida yao waziwazi. Hawakutaka Shockley afukuzwe. Walitaka abaki kama mshauri, na uendeshaji wa kila siku apewe mtu mwengine. Mwanzo Beckman aliwasikiliza, lakini mwishowe akaamua kusimama na Shockley.

Mlango huo ulipofungwa ndipo Kleiner alipoandika barua kwa kampuni ya fedha ya New York ambayo babake alikuwa mteja wake. Maombi yao yalikuwa madogo tu: tutafutieni mwajiri atakayetuchukua sote pamoja. Arthur Rock, kijana aliyeisoma barua ile, akawageuzia fikra. Kwa nini mtafute bosi mwengine? Anzeni kampuni yenu.

Haikuwa rahisi. Makampuni kama 30 yaliombwa pesa, na yote yakakataa. Mwishowe akapatikana Sherman Fairchild. Kampuni yake ilikubali kutoa kiasi cha dola milioni 1.38, kwa sharti kuwa ikitaka itaweza kuwanunua wote baadaye. Kila mmoja wa wale wanane alitia dola 500 zake. Tarehe 18 Septemba 1957 wakajiuzulu, na kampuni yao ikaitwa Fairchild Semiconductor. Shockley alikasirika sana, na jina la "wasaliti wanane" likawaganda maisha yao yote.

Chema chajiuza

Sasa wakawa washindani wa bosi wao, karibu na mlango wake, na yeye ana Nobel. Wao hawakuwa na jina. Walichofanya ni kuirudia ile kazi ambayo Shockley aliitupa. Mwaka 1958 IBM iliwaagiza transista 100 kwa dola 150 kila moja, na wakazipeleka. Mwaka 1959 Hoerni akaonyesha njia mpya ya kuzitengeneza, ambapo utando mwembamba wa oksidi huachwa juu ya silikoni uikinge na uchafu. Juu ya msingi huo Noyce akabuni namna ya kuweka saketi nzima ndani ya kipande kimoja cha silikoni. (Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa ameshatengeneza saketi ya aina hiyo mwaka 1958, kwa njia yake.) Mwaka huo huo wa 1959 ile kampuni mama ikawanunua kwa dola milioni 3.

Na Shockley je? Beckman aliiuza maabara yake mwaka 1960. Yeye akaenda kusomesha Stanford, kisha akatumia miaka yake mingi kueneza nadharia za kibaguzi kuwa watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Akafa mwaka 1989.

Msumeno hukata mbele na nyuma

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwezi wa Machi 1959, meneja waliyemwajiri wenyewe, Ed Baldwin, aliondoka na wenzake kadhaa kwenda kuanzisha kampuni ya kushindana nao. Fairchild ikawashtaki, ikidai kuwa wameondoka na kitabu chenye maelekezo ya utengenezaji. Mtu anaweza kucheka na kusema, wasaliti nao wamesalitiwa! Hata hivyo kuna tofauti. Ujuzi ulio kichwani mwako ni jasho lako, huwezi kuuacha mezani pamoja na funguo. Kitabu cha kampuni ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Sikusudii kuwatakasa wale wanane. Barua ya Kleiner iliandikwa wakati wangali wanakula mshahara wa Shockley, na watu watabishana kama hilo ni sawa. Lakini mlango wa mbele waliubisha kwanza.

Kuna na jambo la sheria. Tangu mwaka 1872 sheria ya California haitambui mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi yake baada ya kuacha ajira. Hapa Kenya ni tofauti. Sharti kama hilo laweza kukubana, ila mahakama ina uwezo wa kulibatilisha ikiona halina haki. Kwa hivyo kijana, usome mkataba wako kabla ya kutia sahihi, na tena kabla ya kuondoka. Sisi Waislamu jambo hili si geni, kwani Suratul Maidah inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Na Mtume (S.A.W.) alipofanya biashara kwa mali ya Bi Khadija (R.A.), kilichompa sifa ni uaminifu wake.

Mwaka 1968 Noyce na Moore nao waliondoka Fairchild na kuanzisha Intel, kwa kuwa wakubwa wa kampuni mama walikuwa hawawathamini tena. Yaani kampuni iliyozaliwa na bosi mbaya nayo ikawapoteza watu wake kwa ubosi mbaya. Hili ni la kwako wewe ambaye leo unapanga kuondoka. Inshaallah biashara yako itakua, nawe utakuwa na kijana wako wa kazi. Ipo siku atakuja kukwambia anataka kujitegemea. Mlipe haki yake yote, umuombee kheri, na kesho yake ufungue duka mapema.

Allah atujaalie riziki ya halali na atukubalie funga zetu. Amin.