Ini, Dawa na Mpaka

Hadi mwaka wa 1902 nchi ya Busia na Malaba ilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliusogeza mpaka kuelekea magharibi, na tangu hapo Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili, ndugu huyu Kenya na ndugu yule Uganda. Lakini maradhi hayajui mpaka, na mojawapo ya yaliyo mabaya ni kifua kikuu.

Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wengi walichoka, wakaacha dawa, na maradhi yakawarudia. Mwaka wa 1952 zilijulikana dawa mbili mpya, isoniazidi na pirazinamidi. Hii ya pili ilikuwa na nguvu, lakini ilitolewa kwa kipimo kikubwa, ikawaharibu baadhi ya wagonjwa ini. Basi matabibu wakaiogopa, wakaiweka kando.

Sababu ni kwamba ini ndilo linalozivunjavunja dawa nyingi tunazomeza. Katika kazi hiyo huweza kuzaliwa sumu, na sumu ikizidi nguvu za ini, ini lenyewe huumia.

Mwaka wa 1970 matabibu wa Afrika ya Mashariki, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, waliijaribu tena dawa ile kwa kipimo kidogo zaidi, pamoja na dawa nyingine. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka wa 1972, yakaonyesha kwamba tiba ya miezi 6 yaweza kutosha. Kumbe dawa iliyotupwa ilikuwa imekosa kipimo tu.

Hata hivyo hatari haikwisha. Mwaka huo huo wa 1972 ilitolewa taarifa ya watumishi 2,321 wa Capitol Hill, Washington, waliopewa isoniazidi ili kuwakinga. Watu 19 waliugua ini, na 2 kati yao wakafa.

Sasa mfikirie dereva wa lori anayengoja zamu yake Malaba. Dawa zake anazo mfukoni. Jioni anakaribishwa kwenye chungu cha pombe ya wimbi, na kuukataa mrija wa mwenyeji ni kumvunjia heshima. Lakini pombe na dawa hizo zikikutana, ini hubeba mizigo miwili. Na je, avuke Busia akanunue dukani vidonge vingine asivyovijua? Huo ungekuwa mzigo wa tatu.

Ndugu msomaji, dalili ya mvua ni mawingu. Mgonjwa akiona macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au anatapika na kuchukia chakula, na aende hospitali siku ile ile, awaeleze dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Asivumilie kimya, wala asiache tiba moja kwa moja kwa hofu yake mwenyewe, kwani kifua kikuu kisichotibiwa huua pia. Waliotutangulia walijifunza kwa gharama kubwa kwamba kati ya dawa na sumu kuna mpaka mwembamba, na mlinzi wake ni kipimo.