Mtumwa, Kibarua, Manamba: Majina ya Kazi katika Pwani ya Kilwa

Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alitia mkono mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice. Lugha yake haikuficha kitu. Morice angepewa watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa kwa piasta 20, na juu ya hapo angemtolea Sultani piasta 2 za zawadi kwa kila mmoja. Walitakiwa mashambani katika visiwa vya Kifaransa, vile viitwavyo leo Mauritius na Réunion.

Miaka 72 baadaye neno lilibadilika. Tarehe 20 Desemba 1848 utumwa ulikomeshwa Réunion, lakini miwa haikukoma kutaka mikono. Jahazi za Kifaransa zikarudi katika pwani hii, Kilwa ikiwamo, zikitafuta sasa watu walioitwa engagés, yaani waliojifunga kwa mkataba wa miaka kadhaa. Mtu alinunuliwa kwa wafanyabiashara walewale, kisha akaulizwa mbele ya mkalimani kama anakubali kwenda. Akishajibiwa, au kujibiwa kwa niaba yake, akaandikwa kuwa huru. Mwaka 1857 Wareno waliikamata Msumbiji jahazi moja ya namna hiyo, Charles et Georges, ikiwa na watu 110. Walipohojiwa, wengi walisema hawakuja kwa hiari. Ufaransa ilituma manowari hadi Lisbon na kurudishiwa jahazi yake mwaka 1858. Mwaka uliofuata Napoleon wa Tatu akapiga marufuku uandikishaji huo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu hujiuliza yule mkalimani alitumia neno gani. Kiswahili hakikuwa na uhaba. Kitenzi kutuma kimezaa mtumwa, mtumishi na Mtume, na masafa yaliyo baina yao ni ya ardhi na mbingu. Mtumwa mwenyewe alikuwa na madaraja: mtwana ni mwanamume, mjakazi ni mwanamke, mzalia ni aliyezaliwa pwani nyumbani mwa bwana wake, na mjinga ni yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala ada za mji. Wengi waliofikishwa Kilwa Kivinje kwa misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa walikuwa wajinga kwa maana hiyo. Ndio waliotakiwa kusema ndiyo au la, katika lugha waliyokuwa bado wanaisikia kwa mbali. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyetoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891 na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, alifika pwani baada ya biashara hiyo kukoma.

Kibarua nalo lina kisa chake. Katika karne ya 19, Unguja na Mrima, aliyechukuliwa kazi ya kutwa alipewa barua ndogo, airudishe jioni apate ujira. Jina la karatasi likamhamia mtu. Wengi wao walikuwa watumwa wa watu, na sehemu ya ujira iliingia mfukoni mwa bwana. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa kibarua bandarini mchana na mtumwa nyumbani usiku, wala hakuna aliyeona ajabu.

Wadachi waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Lakini Julai ya mwaka huohuo, Nandete katika Umatumbi, bara ya Kilwa, watu walikuwa wamekwisha kung'oa pamba ya serikali, pamba waliyolazimishwa kuilima ilhali kisheria hawakuwa watumwa wa yeyote. Hapo ndipo vilipoanzia Vita vya Maji Maji. Kazi ile ya pamba haikupata jina maalumu. Iliitwa kazi tu.

Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika mashamba ya mkonge ya Lindi, aliyeletwa kutoka mbali kwa mkataba aliitwa manamba, kwa kuwa alijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina. Mkononi alikuwa na kipande, na siku zilitiwa alama humo hadi zikatimia 30. Aliyeugua akakosa siku, hakuhesabiwa siku ile.

Manamba limezeeka pamoja na mikonge. Kibarua bado lingali hai, na anayefukuzwa kazi leo husemwa kibarua chake kimeota nyasi. Karatasi ile ndogo haitajwi tena.