Mkusanya Kodi Alipoambiwa Agawe

Mwezi Mei 2020, karibu watu milioni 4 nchini Marekani walitumiwa na Hazina kadi ya benki iliyokwisha kutiwa fedha. Bahasha yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na mtumaji aliyeandikwa ni Money Network Cardholder Services, jina lisilofanana hata kidogo na la serikali. Wapo walioikata kadi kwa mkasi wakidhani ni matapeli, na wapo walioitupa pamoja na matangazo ya biashara. Kumbe ilikuwa na dola 1,200 za mtu mzima mmoja, na zaidi kwa wenye watoto.

Fedha hizo zilitokana na sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020, corona ikiwa imeshafunga mikahawa na viwanda. Kazi ya kuzigawa ikapewa IRS, idara ya kodi. Ni kichekesho kidogo, maana barua ya IRS ni ile mtu huifungua moyo ukimdunda. Lakini nani mwingine angeifanya? Idara hiyo ndiyo iliyokuwa na majina, mapato, idadi ya watoto na, kwa wengi, namba za akaunti za benki, vyote katika daftari moja. Tena haikuwa mara yake ya kwanza.

Mwaka 1975, uchumi ukiwa umedorora, serikali ya Gerald Ford iliwarudishia walipa kodi asilimia 10 ya kodi yao ya 1974, mwisho dola 200. Hayo yalikuwa marejesho ya kweli: unapewa sehemu ya ulichotoa. Mwaka 2001, chini ya George W. Bush, zikaja hundi za hadi dola 300 kwa mtu na 600 kwa wanandoa. Kwa kuwa hundi zote zisingeweza kutoka kwa mkupuo, zilipangwa kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Tarakimu hizo hazijali tajiri wala maskini, kwa hiyo ratiba ikawa bahati nasibu, na wanauchumi wakapata jaribio ambalo wasingeweza kuligharamia. Johnson, Parker na Souleles walilinganisha waliotangulia kupata na waliochelewa, wakaona kuwa katika miezi mitatu ya kupokea fedha familia zilitumia kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha hizo kwa vitu vya matumizi ya kila siku. Mwaka 2008 ratiba ile ile ikarudi, safari hii hata asiyedaiwa kodi akipata dola 300, mradi awe na mapato ya angalau dola 3,000.

Mwaka 2020 sharti hilo la mapato likaondolewa. Kisheria, dola 1,200 zilikuwa nafuu ya kodi ya mwaka 2020 iliyolipwa kabla mwaka haujaisha, ikikadiriwa kwa ritani ya kodi ya 2019 au 2018. Mtu asiye na ndoa mwenye mapato yasiyozidi dola 75,000 alipata zote. Juu ya hapo zilipungua dola 5 kwa kila 100. Wa dola 85,000 alibaki na 700, na wa 99,000 hakupata kitu. Aliyekosa kwa sababu ya mapato ya zamani, kisha akafukuzwa kazi, alidai haki yake kwenye ritani ya 2020. Aliyepata kisha akatajirika hakudaiwa hata senti. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu cha busara kuliko vyote katika sheria ile: ilibidi kukosea mahali, wakaamua kumkosea mwenye hazina.

Daftari la kodi, hata hivyo, lina macho yake. Hadi mwisho wa Aprili, takriban malipo milioni 1.1 yalikuwa yamekwenda kwa marehemu. Kijana wa miaka 17 anayetunzwa na wazazi hakuhesabiwa kama mtoto wala mtu mzima. Wanandoa waliowasilisha ritani pamoja walikosa wote wawili iwapo mmoja wao hakuwa na namba ya hifadhi ya jamii, isipokuwa wanajeshi, na pigo hilo liliziangukia familia za wahamiaji. Na maskini wa mwisho, asiyewahi kujaza ritani kwa kuwa hana cha kutozwa, alitakiwa ajiandikishe mwenyewe mtandaoni. Septemba IRS ilikuwa bado inawaandikia barua watu wapatao milioni 9 ambao huenda walistahili na hawajadai. Wakati huo huo hundi za karatasi zilikuwa zimechapishwa jina la rais wa wakati huo, Donald Trump, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika kwenye malipo ya IRS.

Awamu ya pili, dola 600, ilipita Desemba 2020 na kurekebisha suala la wanandoa. Ya tatu, dola 1,400 chini ya Joe Biden Machi 2021, ikawaingiza na tegemezi wakubwa.

Desemba 2024 IRS ilipekua ritani za 2021 ikakuta watu wapatao milioni moja walioacha wazi mstari wa nafuu ya awamu hiyo ya tatu au kuandika sifuri. Ikaamua kuwatumia fedha zao, jumla ya dola bilioni 2.4, bila kuwataka waombe. Wasiojaza ritani walipewa hadi tarehe 15 Aprili 2025 wajaze.