Boriti, Chokaa na Vigae: Sakafu ya Jikoni katika Nyumba za Mawe za Pwani

Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, sakafu ya ghorofani ilijengwa kwa mti chini na chokaa juu. Boriti za mikoko zilibeba uzito. Juu yake yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha likamwagwa zege la chokaa, udongo mwekundu na kokoto. Mpango huo ulidumu karne nyingi, na jikoni ndiko ulikojaribiwa zaidi, maana huko moto, maji, mafuta na majivu vilikutana kila siku.

Boriti zilikatwa katika misitu ya mikoko, hasa ile ya visiwa vya Lamu na ya delta ya Rufiji. Mti huu ni mgumu, mzito, na mchwa hawauwezi kwa urahisi. Uliuzwa kwa korija, yaani miti 20 kwa 20, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti nzuri iliyonyooka haikuzidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Majahazi yalipeleka shehena za boriti hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, na upana wa vyumba vya huko nao ukafuata urefu wa mti wa Afrika Mashariki.

Chokaa ilitoka baharini. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa katika tanuu la wazi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike kwa muda mrefu. Kazi kubwa ilikuja baadaye, katika kupiga sakafu. Watu walijipanga kwa safu, kila mmoja na kipande chake cha mti mkononi, wakapiga kwa mwendo mmoja huku wakiimba ili mkono usichoke wala usipoteze wakati. Maji yalinyunyizwa kidogo kidogo, kokoto zikazama, rojo laini ikapanda juu. Kazi hiyo iliendelea siku baada ya siku, kwa kuwa sakafu iliyoachwa kabla ya kushikana ilipasuka ikikauka. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa ya watumwa, na historia ya majumba haya haiwezi kuelezwa kwa haki bila kuwataja.

Lamu, jiko la nyumba kubwa liliwekwa juu kabisa, katika kidari cha meko, chini ya paa la makuti. Moshi ulichukuliwa na upepo, na joto halikushuka vyumbani. Sakafu yake ilihitaji kustahimili kaa la moto lililodondoka kutoka kwenye mafiga, na chokaa iliweza. Mbao zilikuwa na nafasi yake ya heshima katika milango, ngazi na roshani, lakini kwa jiko la kuni zilikuwa chaguo baya: cheche huziunguza, mafuta huzama ndani yake, na maji hujificha kwenye nyufa kati ya ubao na ubao. Chokaa nayo hunywa maji, lakini huyatoa tena hewani. Boriti zilizo chini yake hulowa kidogo na kukauka, na kwa njia hiyo ziliweza kuishi vizazi kadhaa.

Marumaru ya kutoka ng'ambo iliingia kwanza kama pambo la wakubwa. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na sakafu za marumaru, na fremu yake ilitumia chuma. Jikoni mabadiliko yaliletwa na saruji. Kiwanda cha kwanza cha saruji Kenya kilianza Nairobi mwaka 1933, cha Bamburi karibu na Mombasa kikaanza uzalishaji mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Sakafu nyekundu ya saruji, iliyosuguliwa ikang'aa, ikaenea mijini. Kisha vikaja vigae. Anayepika na kupiga deki kila siku ana sababu nzuri ya kuvipenda: mafuta hayavitii doa, na kitambaa kimoja chenye maji ya sabuni kinatosha.

Shida huanza vigae vinapolazwa juu ya boriti. Kwanza ni uzito. Tabaka la saruji la sentimita 5 lina karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, hivyo jiko la mita 3 kwa 4 huongezewa zaidi ya tani moja, kabla ya kuhesabu vigae vyenyewe. Mara nyingi sakafu ya zamani haiondolewi, mpya hulazwa juu yake. Pili ni maji. Hupenya kwenye viungo vya vigae na pembeni mwa ukuta, yakanaswa chini ya saruji, na njia inayobaki ni kushuka. Huishia kwenye ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Ncha hizo huoza taratibu bila kuonekana kutoka chini, na dari huendelea kuonekana nzima hadi siku inaposhuka.

Hata sakafu ya chini, isiyo na boriti, huathirika. Unyevu wa ardhini ukizibwa na saruji na vigae huhamia kwenye kuta na kubandua lipu ya chokaa.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Katika ukarabati wa makini, fundi huanza kwa kugonga ncha za boriti, hubadilisha zilizooza, huondoa matabaka ya saruji na kurudisha chokaa. Mwenye nyumba akitaka vigae jikoni, hushauriwa avilaze juu ya chokaa, aache mteremko wa kutolea maji, na azibe vizuri pembe ya ukuta. Wengine wamehamishia jiko uani, kwenye jengo dogo la zege la nondo, ambako vigae haviulemei mti wowote.