Kompresi moja haionekani: kuripoti makosa ya upasuaji bila lawama

Upasuaji unakaribia kwisha, tumbo bado halijafungwa. Muuguzi anahesabu kompresi: ziliingia 20, yeye anaona 19. Wanatafuta, wanaikuta chini ya kitambaa. Mugonjwa amepona. Je, jambo hilo litaandikwa mahali, ao litaishia palepale?

Mara nyingi linaishia palepale. Mwenye kusema anaogopa kuitwa na mkubwa, kukatwa pesa, jina lake kuzunguka muji wote. Siku ingine hesabu inarukwa, kompresi inabaki ndani, mugonjwa anarudi na usaha na homa, anapasuliwa mara ya pili.

Kuripoti bila lawama kunabadilisha swali la kwanza. Si «nani alikosa?» bali «ilipita namna gani?» Umeme ulikatika? Muuguzi alikuwa peke yake toka jana usiku? Ubao wa kuandikia hesabu haukuwepo? Ukimfukuza muuguzi na umeme ukabaki vile, atakayekuja nyuma yake atakosa vilevile.

Marubani walianza zamani: Marekani, toka 1976, wanaandikia NASA makosa yao, na majina yanafichwa.

Kwa upasuaji, OMS ilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha, kuhesabu kompresi ikiwemo. Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, mumoja ni Ifakara, Tanzania. Kwa jumla, vifo vilishuka toka 1,5 hadi 0,8 kwa wagonjwa 100. Karatasi peke yake haifanye kitu, lakini: kabla ya kisu kila mutu anasema jina na kazi yake, na hapo hata muuguzi mudogo anapata mudomo wa kumuambia docta «ngoja kwanza».

Hospitali ya Bunia inayotaka kuanza haihitaji kompyuta. Daftari moja, bila majina, na mkutano mufupi kila juma. Kitu kigumu ni jibu: wafanyakazi wasipoona taa imenunuliwa ao zamu imepunguzwa, wataacha kuandika.

Bila lawama si bila sheria. Aliyekuja kazini amelewa, ao aliyeuza dawa za mugonjwa, hiyo ni kesi ingine. Na familia lazima iambiwe ukweli, mapema, na docta mwenyewe, hata kama daftari halina jina.