Sanamu za Wahenga wa Watabwa na Heshima ya Ukoo

Watabwa huishi pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira na Fizi, kuanzia Moba hadi milima ya Marungu. Katika karne ya 19 wachongaji wao walitengeneza sanamu za mbao za wahenga, zinazoitwa mikisi, nazo zilimilikiwa na machifu na wakuu wa koo. Watabwa hufuata ukoo wa mama, hivyo uchifu ulitoka kwa mjomba ukaenda kwa mpwa. Aliyedai kiti alipaswa kuonyesha wahenga anaotokana nao, na sanamu ilikuwa ushahidi wa dai hilo.

Mhenga alichongwa amesimama wima, mikono ikigusa tumbo, nywele zilizosukwa zikishuka mgongoni, na mwili ukipambwa kwa chale zilizopangwa kwa mistari. Nakshi iliyosifika zaidi ni balamwezi, yaani safu za pembetatu zinazowakilisha kuandama kwa mwezi. Siku ambazo mwezi hauonekani zilihesabiwa kuwa za hatari, na ulipoandama watu walipata tena matumaini. Nakshi hiyohiyo ilitiwa kwenye mikeka, vikapu, ala za muziki na nkaka, utepe wa shanga uliovaliwa kichwani na waganga wa bulumbu, ibada ya kupagawa na pepo. Ilipochongwa kwenye mwili wa mhenga, iliunganisha ukoo na mzunguko huo wa giza na nuru.

 

Mfano unaojulikana zaidi wa sanamu hizo huko Marungu ni ule wa Chifu Lusinga lwa Ng'ombe. Alipata nguvu kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyopitia Ujiji kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi. Bunduki zilimpa watu na ardhi, lakini hazikuweza kumpa nasaba. Kazi hiyo ilifanywa na sanamu ya mhenga wake.

Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II, alijenga kituo Mpala, kando ya ziwa. Yeye na Lusinga wakawa mahasimu. Desemba 1884 wapiganaji wa Storms walishambulia boma la Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Sanamu ilitekwa. Storms aliporejea Ubelgiji mwaka 1885 aliichukua pamoja na fuvu la chifu, na baadaye sanamu ikapamba sebule yake Brussels kama kielelezo cha ushindi wake. Hivyo kitu kilichochongwa kuutukuza ukoo mmoja kikawa fahari ya nyumba ya aliyeuangusha.

Storms alifariki mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 mjane wake aliikabidhi sanamu hiyo kwa jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani ya Ixelles, mjini Brussels.