Twiga kwa Ubavu Mmoja

Katika miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, wamechorwa watu, tembo, pofu na twiga kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alinakili michoro mingi ya eneo hilo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Wanyama wengi wamechorwa kwa ubavu, upande unaowatambulisha upesi. Sehemu isiyochorwa mtazamaji hujikamilishia mwenyewe.

Kujikamilishia huko ndiko kulikoitatiza kompyuta. Mtoto wa darasa la kwanza hukijua kigoda kikiwa kimesimama, kimelala au kimepinduliwa. Kwa mashine, hizo ni picha tatu tofauti. Mwaka 1963, huko Marekani, Lawrence Roberts aliandika tasnifu juu ya jambo hili. Kompyuta yake ilitafuta kingo za maumbo manyoofu, kama mchemraba na kabari, ikazilinganisha na vielelezo ilivyopewa, kisha ikakokotoa umbo limeelekea wapi.

Lakini viumbe si michemraba. Mwaka 1999 David Lowe wa Kanada alileta njia nyingine: kompyuta iache umbo zima, itafute alama ndogondogo nyingi ambazo hubaki zile zile picha ikigeuzwa, ikikuzwa au ikipunguzwa, na ambazo hustahimili kiasi mpiga picha akisogea pembeni.

Njia hiyo imefika jirani na Kolo. Ukishika barabara ya Babati kwenda Arusha utafika Tarangire. Huko watafiti wamewatambua twiga mmoja mmoja kwa programu ya Wild-ID, iliyotangazwa kitaalamu mwaka 2012. Hawamkamati mnyama wala kumtia alama, kwani mabaka ya kila twiga ni yake peke yake. Kompyuta huleta picha zinazokaribiana, na binadamu ndiye huamua. Kwa njia hii hujulikana ni watoto wangapi wa twiga wanaokua na wangapi hawaonekani tena.

Ila mabaka ya kulia si ya kushoto. Ukichanganya pande, twiga mmoja atahesabiwa wawili, nasi tutajidanganya kwamba wanyama wetu ni wengi. Kwa hiyo watafiti wamejiwekea kanuni ya kupiga picha ubavu wa kulia.

Sisi walimu tungefaidika na uangalifu huo. Anayemjua mwanafunzi kwa daftari la hesabu tu amemwona ubavu mmoja, na anapojaza ripoti yake inafaa akumbuke ni upande upi.